Jumba la Cragside: Somo la Usanifu kwa Darasa la Tafsiri

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa somo la Tafsiri aya moja fupi ya Kiingereza inayoeleza jumba liitwalo Cragside, lililoko karibu na mji mdogo wa Rothbury katika jimbo la Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Sentensi ya kwanza ilibeba mambo manne tu: kwamba ni jumba la mashambani, la zama za Malkia Victoria, limejengwa kwa jiwe mchanga, na limo katika orodha ya majengo yanayolindwa. Nilidhani ni zoezi la kuwapasha moto kabla ya matini ngumu zaidi.

Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba ni "nyumba ya kijijini ya mawe na mchanga iliyoorodheshwa". Msomaji wa hapa kwetu akiisoma sentensi hiyo atauona mlima wa kokoto na lori la mchanga vikimngoja fundi, na nyumba ya bibi yake huko kijijini. Nilipozirudisha karatasi, mwanafunzi mmoja, tena si mvivu, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, Kiswahili hakina maneno ya nyumba za namna hii." Kauli hiyo ilinigusa kwa sababu naisikia pia kwenye vikao vya wakubwa, kila tunapotetea kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia zaidi ya ushairi na sarufi. Ndiyo maana nimeamua, katika makala haya, kulieleza jumba lenyewe kwanza. Naamini kuwa tatizo la wanafunzi wale halikuwa msamiati. Hawakuijua nyumba.

Tuanze na mwenyewe. William Armstrong alizaliwa Newcastle mwaka 1810, akasomea sheria, kisha akavutwa na mitambo. Alibuni kreni zinazoendeshwa kwa nguvu ya maji yaliyoshinikizwa, na mwaka 1847 akaanzisha kiwanda chake Elswick, ukingoni mwa Mto Tyne. Baadaye akatengeneza mizinga. Mizinga hiyo ndiyo iliyomletea heshima ya kuitwa Sir mwaka 1859, na sehemu kubwa ya utajiri wake. Kiwanda chake kiliuza silaha kwa mataifa mengi, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kiliziuzia pande zote mbili. Katika zile karatasi, Armstrong aliitwa "mvumbuzi" na ikaishia hapo. Neno si kosa, ila mfasiri ajue kwamba kuta tutakazozieleza hapa zililipiwa kwa kreni na kwa mizinga.

Mwaka 1863 Armstrong alianza kujijengea nyumba ya wastani ya mapumziko kwenye ubavu wa mlima wenye miamba, juu ya kijito cha Debdon. Ilikuwa mahali pa kuvulia samaki na kuvuta hewa safi. Mwaka 1869 akamwita msanifu majengo kijana mzaliwa wa Edinburgh, Richard Norman Shaw, aipanue. Inasimuliwa kuwa Shaw aliuchora mpango mzima kwa siku moja, wageni wengine wakiwa wametoka kuwinda. Ujenzi uliofuata ulichukua takriban miaka 15. Kwanza vilijengwa chumba cha maktaba na chumba cha kulia, kisha minara na ukumbi wa picha, na mwisho sebule kubwa iliyokamilika mwaka 1884, kwa wakati wa kumpokea Mwanamfalme wa Wales na mkewe waliofika Agosti ya mwaka huo.

Sasa turudi kwa lile "kijijini". Kwa Kiingereza cha wakati ule, jumba la mashambani lilikuwa makao ya tajiri mwenye ardhi, lenye watumishi, bustani, misitu na mashamba yanayolizunguka. Kwetu bara, kijijini ni kwa mkulima. Lakini Kiswahili cha pwani kina neno linalobeba hali hiyohiyo bila taabu: shamba. Masultani wa Zanzibar na matajiri wa mjini walikuwa na majumba yao ya shamba, mbali kidogo na kelele za Mji Mkongwe. Kasri la Marhubi, alilolijenga Sultani Barghash na kukamilika mwaka 1882, lilikuwa jumba la namna hiyo, na lilijengwa miaka ileile ambayo Shaw alikuwa bado anapanua Cragside. Marhubi liliungua mwaka 1899, na leo tunaona nguzo zake na sehemu za kuogea tu. Mwanafunzi aliyewahi kusimama kati ya nguzo zile hawezi kuandika "nyumba ya kijijini". Ataandika "jumba la shamba", au kama anaona neno shamba litamchanganya msomaji wa bara, "jumba la mashambani".

Jiwe lenyewe

Jiwe mchanga ni jiwe la asili. Ni chembechembe za mchanga zilizolazwa na maji, tabaka juu ya tabaka, zikafunikwa, zikashindiliwa, zikagandishwa na madini yaliyopenya kati yake. La Northumberland lina umri wa zaidi ya miaka milioni 300. Kahawia na manjano yake hutokana na chuma kilichomo ndani yake. Walimu wa jiografia huliweka katika kundi la miamba tabaka, na hilo neno tabaka ndilo ufunguo wa kuielewa nyumba nzima.

Ukiliangalia vizuri jiwe hili utaona mistari myembamba, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mwashi hodari hulijenga ukutani likiwa limelala kama lilivyolala mlimani, kurasa zikiwa bapa. Akilisimamisha, kurasa zikielekea nje, maji ya mvua huingia kati yake, baridi ikija yanaganda na kutanuka, na uso wa jiwe unaanza kubanduka vipande vipande. Ukuta unaweza kuonekana mzima kwa miaka mingi, halafu ukaanza kuvua ngozi. Kosa hilo hufanyika siku moja, na anayelipa ni mjukuu.

Jambo la pili ni uso wa jiwe. Pale Cragside sehemu kubwa ya kuta imejengwa kwa mawe ambayo uso wake umeachwa na mikwaruzo na matuta, yafanane na mwamba yalikotoka. Lakini kwenye pembe, na kuzunguka milango na madirisha, mawe yamechongwa kwa patasi hadi yakawa laini na yenye kingo zilizonyooka. Maandishi ya Kiingereza hutumia maneno mawili tofauti kwa aina hizi mbili, na wanafunzi wangu waliyatafsiri yote mawili "mawe". Hapo tofauti iliyokusudiwa na msanifu imepotea. Ukuta wenye mikwaruzo unafanya jumba lionekane limechipuka kutoka mlimani, nayo mawe laini yanamwonyesha mtazamaji mlango uko wapi. Fundi yeyote wa hapa atakwambia kuna jiwe la kuvunja na kuna jiwe la kuchonga. Mfasiri aandike hivyo: mawe ya uso wa mwamba, mawe ya kuchonga. Hakuna haja ya kukimbilia kamusi.

Jambo la tatu ni kinachoyashika mawe. Wajenzi wa zamani walitumia chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe, na hupitisha unyevu: maji yakiingia ukutani hutoka kupitia kwenye maungio. Saruji ni ngumu, nayo hufunga njia hiyo, maji yakabaki ndani ya jiwe na kulila polepole. Ndiyo sababu watunzaji wa majengo ya jiwe mchanga huogopa fundi anayekuja na mfuko wa saruji akidhani anasaidia. Mji Mkongwe wa Zanzibar una tatizo hilohilo kwenye kuta zake za matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji, na nilipokuwa masomoni Tanzania niliwahi kuoneshwa ukuta mmoja uliokuwa ukitoka jasho kama mtu.

Umbo lisilo na mpango, ambalo lilipangwa

Mtu anayeona picha ya Cragside kwa mara ya kwanza hudhani jumba hili lilijengwa na vizazi kumi. Hakuna upande unaolingana na mwingine. Huku kuna mnara, kule kuna paa lililochongoka, pengine dohani ndefu zimesimama mbili tatu pamoja, na juu ya mawe mazito unakuta kuta nyeupe zenye mbao nyeusi zilizokingamana. Nyumba imenyooshwa juu ya ubavu wa mlima, kwa hiyo ukiwa chini kwenye daraja la chuma lililovuka kijito unaiona ikipanda juu yako ngazi kwa ngazi.

Shaw alikusudia hivyo. Yeye na wenzake walichoshwa na majengo yaliyopangwa kwa rula, kushoto sawa na kulia, wakageukia nyumba za kale za wakulima wa kusini mwa Uingereza, zilizokua polepole kadiri familia ilivyoongezeka. Walichukua dohani ndefu, mapaa marefu na mbao za nje, wakazitumia kwenye majumba ya matajiri wapya wa viwanda. Mbao zile nyeusi si desturi ya Northumberland, ambako watu walijenga kwa mawe tangu zamani. Zilitoka mbali, zikawekwa pale zaidi kwa pambo. Wapo wanaolilaumu jumba hili kwa hilo, na wapo wanaosema kuwa lina vyumba vingi vilivyounganishwa bila mantiki. Mimi sijafika huko, nimetegemea picha na michoro, lakini kwa maoni yangu lawama ya pili ina ukweli. Ile ya kwanza naiona ndogo, kwa sababu mlima wenyewe ni wa vurugu na nyumba imeufuata.

Nawaomba walimu wenzangu waliangalie neno "kubwa". Katika karatasi nilizosahihisha lilitumika kwa kila kitu: paa kubwa, dirisha kubwa, chumba kikubwa. Mafundi wetu wana maneno. Safu moja ya mawe ni kozi. Jiwe au zege linalokaa juu ya dirisha ni linta. Fremu za mbao zinazobeba paa ni kenchi. Uzi wenye kipande cha chuma, unaoonyesha kama ukuta umesimama wima, ni timazi. Dohani liko kwenye kamusi, ingawa wengi wetu tunasema bomba la moshi. Madirisha ya Cragside yamegawanywa na vijiguzo vya mawe vilivyosimama katikati ya vioo, na hakuna ubaya kuandika vijiguzo.

Ukubwa wa vyumba nao una maelezo yake. Nyumba za kale za mawe za pwani yetu zina vyumba virefu lakini vyembamba, karibu mita 3 kwa upana, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti haziwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi. Hapo mti ndio ulioamua upana wa chumba. Shaw alikuwa na mbao ndefu na chuma, kwa hiyo sebule ya mwaka 1884 ni pana kiasi cha kuweka meko ya marumaru yanayosemekana kuwa na uzito wa tani 10, yaliyobuniwa na msaidizi wake W. R. Lethaby. Mwamba wa mlima ulilazimika kukatwa ili sebule hiyo ipate nafasi.

Ndani

Chumba ninachokipenda zaidi ni cha kulia. Upande mmoja ukuta umerudi ndani na kufanya kama kichumba kidogo chini ya tao la mawe. Humo ndani mna moto, na kila upande wa moto mna kiti cha kukalia. Juu ya moto wamechonga methali isemayo kwamba uende mashariki au magharibi, nyumbani ndiko bora. Iko picha maarufu ya rangi inayomwonyesha Armstrong ameketi hapo na mbwa wake, akisoma gazeti, utadhani ni mzee asiye na kiwanda.

Tukakiitaje kichumba hicho? Darasa liligawanyika. Wengine walitaka "jikoni", na tukakubaliana kuwa hapana, maana hakuna kinachopikwa. Mwingine alipendekeza "pembe ya moto". Kisha binti mmoja aliyekulia Lamu, ambaye kwa kawaida huzungumza kidogo, akasema kwao ukuta ukirudi ndani mahali pa kuketi, kabla hujaingia nyumbani, panaitwa daka, na vile vishimo vidogo vya ukutani vya kuwekea vyombo ni vidaka. Kwa nini tusiseme daka la moto? Tulinyamaza. Wanafunzi wa bara hawakuwahi kulisikia neno hilo. Nimelikubali, na karatasi zilizolitumia baadaye nilizipa alama kamili.

Jambo la namna hiyo lilitokea kwenye sehemu za kuogea. Chini ya maktaba Shaw alijenga vyumba vya kuoga kwa mvuke kwa mtindo wa Kituruki: chumba cha joto, bwawa la maji baridi, mahali pa kupumzika. Darasa zima liliandika "bafu". Lakini Zanzibar kuna mtaa unaoitwa Hamamni, na jina hilo linatokana na hamamu, nyumba ya kuogea iliyojengwa zama za Barghash. Neno tunalo, na limebandikwa kwenye ramani ya mji.

Nyuma ya sura hii ya kizamani kulikuwa na mitambo. Armstrong alizuia vijito, akafanya maziwa matano, akatumia nguvu ya maji kuendesha lifti, na hata kuzungusha nyama juu ya moto jikoni. Mwaka 1878 aliwasha taa ya umeme katika ukumbi wa picha, kwa dainamo iliyozungushwa na maji yapata kilomita 1.4 kutoka nyumbani. Kwa kawaida Cragside hutajwa kuwa nyumba ya kwanza duniani kupata mwanga kwa umeme wa maji. Mwaka 1880 zikaja taa za balbu za rafiki yake Joseph Swan. Katika maktaba baadhi ya taa hizo zilikaa juu ya vyungu vya mapambo vya shaba, na umeme ulipita kwenye zebaki iliyokuwa chini yake, hivyo kwamba kuizima taa ulikinyanyua tu chungu. Sijui kama fundi umeme wa leo angekubali kulala katika nyumba hiyo.

Basi aya ile iliposema kwamba jumba ni "la zamani na la kisasa kwa wakati mmoja", haikuwa inajipinga, kama walivyoandika wanafunzi wawili pembeni ya karatasi. Ilikuwa inasema ukweli kuhusu kuta na kuhusu waya.

Kuwa katika orodha

Limebaki neno "iliyoorodheshwa". Kwa Kiswahili hata majina ya waliofeli huorodheshwa. Nchini Uingereza, tangu sheria ya mipango miji ya mwaka 1947, serikali huweka orodha ya majengo yenye thamani ya kihistoria au ya usanifu. Yamo katika madaraja matatu, na daraja la juu kabisa lina takriban asilimia 2.5 tu ya majengo yote ya orodha. Cragside limo humo. Mwenye jengo la orodha haruhusiwi kulibomoa, kulipanua au kubadilisha sura yake bila kibali, na akifanya hivyo amevunja sheria ya jinai. Kwa hiyo tafsiri isiyompoteza msomaji ni "jengo linalolindwa kisheria, daraja la kwanza". Maneno yameongezeka na maana imerudi.

Ulinzi wa karatasi hautoshi peke yake. Beit al Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883, limo katika Mji Mkongwe ambao uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bado sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wakapoteza maisha. Cragside lilikabidhiwa kwa shirika la National Trust mwaka 1977, na tangu hapo kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni mifereji, mapaa na maungio ya mawe. Mwaka 2014 walifunga parafujo kubwa ya maji karibu na ziwa mojawapo, nalo jumba likaanza tena kupata umeme wa maji yake.

Darasa limeiandika upya ile sentensi ya kwanza, na naiweka hapa kwa ruhusa yao: "Cragside ni jumba la mashambani la zama za Malkia Victoria, lililojengwa kwa jiwe mchanga, nalo linalindwa kisheria katika daraja la kwanza." Kitu kimoja bado kinatushinda. Ule ukuta wa pembetatu unaobaki kati ya miteremko miwili ya paa, ambao Shaw aliupamba kwa mbao nyeusi, tumeuita "ukuta wa pembetatu" na hatujaridhika. Mafundi wa hapa mjini wamenipa majina manne yasiyofanana. Msomaji mwenye jina linalotumika kwao, hasa kama ni mtoto wa fundi mwashi, aliandike na kulipitisha ofisini kwetu, pamoja na jina la mahali alipolisikia.